Mvua Hiyo Ina Jina

Wasikilizaji wapendwa, aloha. Leo tunamkumbuka Bi Kapuaonaona Makanui, Tutu Ona, yaani Bibi Ona, wa bonde la Waipalo, tuliyemzika Jumamosi akiwa na miaka themanini na mitatu. Bibi wa maneno machache, na mengi kati ya hayo yalikuwa ya kukugombeza.

Miaka kumi na mitano iliyopita chemchemi ya Waipalo ilikauka. Mbuzi walikuwa wameshaimaliza miti ya mlimani, mashamba ya majimbi yakabaki nyufa. Palani, mtoto wa kaka yake, alikuwa ameshafunga mizigo ahamie Las Vegas, iliko nusu ya ukoo. Bila maji hakuna majimbi. Bila majimbi, angekaa kufanya nini?

Wataalamu walipanda miche chini, karibu na barabara, lori la maji lipate kufika. Ikafa. Wakapanda tena, ikafa tena. Tutu Ona akasema wamekosea mahali. Ipandwe juu kabisa, ukingoni mwa mlima. Ushahidi wake? Wimbo aliotungiwa babu yake siku ya msiba. Unataja Uanihi, mvua inayopanda kutoka baharini kama ukungu, ikatambaa mlimani ikitafuta majani ya kushika. Ikiyapata, inadondoka. Ikiyakosa, inapita zake.

Palani alicheka. "Shangazi, tupande miti kwa wimbo wa matanga?"

"Wewe unaiita mvua tu," akamjibu. "Hata mbwa wako ana jina."

Maneno hayo yalimchoma, Palani mwenyewe aliniambia. Shangazi akamwomba asubiri mpaka miche imfike kifuani. Akaahirisha safari. Wakapanda mlima, bibi wa miaka sitini na minane, miche ya ohia, mti wa asili wa mlima huo, mgongoni. Kule juu kweupe Tutu Ona akasimama, akaimba kupiga hodi. Palani akamuuliza hodi ya nini na msitu wenyewe haupo. Akajibu, msitu ukirudi usije ukatukuta hatuna adabu.

Mwaka wa pili majani yakaanza kudondosha maji asubuhi, huku chini kukiwa kukavu. Mwaka wa saba, miche ikiwa imemfika kifuani, Palani alikwenda chemchemini, akarudi na matope hadi magotini. Akamwonyesha shangazi miguu. Tutu Ona akamwambia asiingie nayo ndani.

Leo mashamba sita yana maji. Sita, wasikilizaji wapendwa. Na Palani hajaondoka.

Jumamosi, tukifukia kaburi, tulilowa. Nikamshika Palani bega, nikampa pole, nikasema na mvua nayo imetunyeshea. Akanigeukia, macho mekundu.

"Mvua gani?"

Niliona haya. Nikaitaja: Uanihi. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye koleo lake.

Palani, wanao, na ukoo wote wa Makanui, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Nawe unayetusikiliza, leo ukisikia matone juu ya bati, kabla hujakimbilia kuanua nguo, jiulize mvua hiyo inaitwaje. Kama hujui, nenda kamuulize bibi yako, maadamu angali yupo.