Dawa ya Maharagwe Niliyoinywa

Ndugu zangu, Waislamu na Wakristo tuliokusanyika hapa Msambweni, nawasalimu nyote. Leo sina maneno mazuri. Nitazungumza habari za matapishi, kwa hiyo anayekula sambusa aiweke chini kwanza.

Baada ya mume wangu kufariki, nilipimwa nikaambiwa nina virusi vya UKIMWI. Hospitalini palikuwa na watafiti, wakaniomba damu. Bwana mmoja wa maabara, mtu wa bara, mpole, akanieleza kazi yake: "Mama, damu yako tunaitia dawa ya maharagwe, iliyokamuliwa kwenye maharagwe mekundu. Chembe za kinga zikiwa nzima, dawa hiyo huziamsha, zikaanza kuzaana. Zako zimelala tu. Ndivyo tunavyojua kinga imepungua."

Nawaambia, katika maneno yote yale mimi nilisikia moja tu: dawa.

Nikamweleza shemeji yangu, ndugu wa marehemu. Akasema, "Kama yaamsha damu ndani ya kichupa, tumboni je?" Akaroweka maharagwe mekundu, akayatwanga mabichi, akachuja kwa kitambaa ambacho sitaki hata kukikumbuka. Yalikuwa maji ya kijivu yenye povu, yananuka kama nguo iliyosahauliwa kwenye beseni. Nikaziba pua, nikanywa.

Kabla ya adhuhuri nilikuwa natapika, na huku chini kunamwagika. Mtaniwia radhi, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mkeka, leso, ukuta, vyote vilichafuka. Nilijiona uozo mtupu. Shemeji akasimama mlangoni, kaziba pua, akasema, "Huo ni uchafu wa ugonjwa unatoka. Ongeza kikombe." Mpaka leo sauti ile hunitia kinyaa kuliko matapishi yenyewe.

Dada yangu ndiye aliyekimwaga kikombe kile, akanifikisha hospitali nikiwa sina hata mate. Nikatundikiwa maji. Muuguzi akauliza nimekunywa nini.

"Dawa yenu ya maharagwe," nikamjibu.

Akamwita yule bwana, naye akashika kichwa. "Mama, ile ni dawa ya kupimia damu. Maharagwe mabichi yana sumu, mpaka yachemke sawasawa ndipo yawe chakula. Hata ya panya huitwa dawa. Ungeinywa?"

"Ya panya hakuna aliyeniambia yaamsha kinga."

Akaniomba radhi. Sasa kabla ya kumtoa mtu damu humwambia, "Hiki ni kitu cha kupimia, hakinywewi."

Virusi bado ninavyo, siwadanganyi, na cha kuvimaliza hakijapatikana. Lakini nala, natibiwa kila kinachonipata, na nimesimama mbele yenu. Dada yangu, uliyefua leso zile bila kugeuza uso, Mungu akulipe. Muuguzi, na hata wewe bwana wa maabara, ahsanteni.

Ukiambiwa dawa, ndugu yangu, uliza yatiwa wapi. Nasikia chupa za povu lile la maharagwe zinapitishwa huko Ukunda, na wengine wenu mmeletewa. Nawaona mnavyoinamisha macho. Choo kiko nyuma ya jengo. Nendeni mkazimwage sasa, nami nitawangoja.