Fundi Bisibisi na Gitaa Jekundu la Mdogo Wake

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Bisibisi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa kwanza wa dobi na mshonaji. Mama yake alisema alitoka tumboni amekunja ngumi. Hakuna aliyewahi kuiona ikikunjuka.

Alianza shule mwaka 1965, akafukuzwa mara mbili kwa kumsahihisha mwalimu mbele ya darasa. Mara zote mbili alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililomharibu. Mwaka 1975 alihitimu ufundi wa redio.

Mwaka 1983 alifungua karakana ya magitaa ya umeme ghorofani, juu ya duka la saa: dirisha moja, meza yenye makovu ya moto, harufu ya lehemu. Alikuwa na namna yake ya kupima swichi. Kabla hata ya kufunga nyuzi, alichomeka gitaa kwenye spika, kisha akagonga pikapu, zile sumaku zinazonasa sauti, kwa ncha ya bisibisi. Zikilia tok, kazi imekwisha. Yeye mwenyewe hakujua kupiga gitaa. Alisema daktari halazimiki kuugua.

Tarehe 6 Desemba 1986 alimwoa muuguzi mmoja mvumilivu. Siku ya arusi kipaza sauti kilikoroma. Bwana arusi akakifungua palepale, na bibi arusi akala peke yake.

Tarehe 19 Juni 2004 alimfungia mdogo wake, mpiga gitaa, swichi mpya kwenye gitaa lake jekundu. Siku ya pili mdogo alilirudisha.

"Kaka, swichi ikiwa juu, sawa. Chini, sawa. Katikati, pikapu zote mbili zikilia, sauti inakonda kama mtu aliyebanwa pua."

"Nimezigonga zote. Zinalia."

"Gitaa haligongwi, kaka. Linapigwa."

"Basi mikono mibovu ni yako."

Mbele ya wateja, mdogo alimwita kiziwi anayejificha nyuma ya bisibisi. Akaliacha gitaa mezani. Walikaa mitaa miwili inayopakana bila kusemezana kwa miaka kumi na tisa. Jeneza la mama yao walilibeba mmoja huku, mwingine kule, bila kutazamana.

Mwaka 2022 mapafu yalianza kumsumbua. Tarehe 30 Agosti 2023 aliagiza gitaa lile liletwe kitandani, likiwa na nyuzi. Aliweka swichi katikati, akakwaruza kwa kidole gumba, akasikiliza. Alisikiliza muda mrefu mno. Kisha akaomba chuma cha lehemu. Waya mbili za pikapu ya nyuma alikuwa amezigeuza: ikigongwa peke yake ililia vizuri, lakini pikapu zote mbili zikilia pamoja zilikatana sauti. Alizibadilisha, akamtuma mkewe amwite mdogo wake.

Mdogo alikuja, akapiga. Katikati, sauti ilijaa chumba.

"Umelirekebisha," alisema.

"Sijagusa kitu. Umejifunza kupiga."

"Na hicho chuma kinachofuka moshi?" mkewe aliuliza.

"Nilikuwa napasha vidole."

Mdogo alilitia gitaa kwapani, akatoka bila kuaga. Fundi aligeukia ukutani. Mkewe alimngoja aseme neno moja tu, amkimbilie shemeji yake nalo barabarani. Hakulisema, wala siku hizo zilizobaki hakulisema. Alifariki tarehe 9 Septemba 2023, saa kumi na moja alfajiri, mkewe akiwa kando yake.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu wanne na mdogo wake, ambaye leo atampigia gitaa lile hapa kaburini. Mdogo ameagiza iandikwe hivi: atapiga swichi ikiwa juu, kisha ikiwa chini. Katikati hataiweka mpaka aombwe radhi, na aliyepaswa kumwomba ndiye tunayemzika.

Apumzike. Na amani ikimfikia, asibishane nayo.