Namba ya Mama Mkwe

Basi lilikuwa nusu tupu, kwa hiyo sikuhitaji kutega sikio. Kiti cha mbele yangu, fundi wa kuchomelea mageti alikuwa akizungusha vidoleni sigara ambayo hajaiwasha. Mama aliyekaa kando yake uvumilivu ukamwishia. "Mwanangu, hiyo unaivuta au unaibembeleza?"

"Naifikiria, mama." Akaeleza kwamba daktari wa meno alimwomba namba ya simu, ili mshauri wa kuacha sigara ampigie kila Jumatatu. "Sikutaka kusumbuliwa. Nikampa namba ya mama mkwe."

"Haa! Kwa nini yeye?"

"Ukitoa yangu, ndiyo pekee iliyoko kichwani." Nilimwamini. Namba ile mtu hathubutu kuisahau.

"Basi akamfokea huyo mshauri?"

"Angemfokea ningepona. Mama mkwe amenusa ugoro miaka thelathini. Wakaongea, wakaelewana, na sasa ana wiki ya tano hajagusa."

Mama akamgeukia mzima mzima. "Na wewe?"

"Mimi nani amenipigia?" Alisema kwa uchungu, kama mtu aliyedhulumiwa.

Simu yake ikalia. Alipoiona namba ile ya mkwewe akakaa wima. "Shikamoo, mama... Ndiyo, najua ni Jumatatu... Mimi? Leo bado sijavuta."

Basi likasimama. Yule mama akamchomoa sigara vidoleni, akashuka nayo. Nilimfuata kwa macho dirishani mpaka akalipita pipa la taka, mkono bado umeifumbata ile sigara.