Pini ya Arobaini

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Mwenye keki kwenye oveni aitoe kwanza, maana nikishaanza sitaki mtu aje kuniambia nimemuunguzia. Leo tunamkumbuka fundi cherehani mmoja. Alikuwa pia mwoka keki, na mpambaji wa nyumba, yake na za wenzake. Majirani walimwita Mama Pini. Ametutoka Jumanne iliyopita, kitandani kwake, akiwa na miaka sabini na tisa.

Nasema tena kwa waliochelewa kufungua redio. Mama Pini, fundi cherehani na mwoka keki, amefariki Jumanne. Binti yake alikuja hapa studio jana. Ni mwalimu wa hesabu, mtu wa kunyoosha mambo. Alikaa kwenye kiti hiki mbele yangu akaniambia, "Dada, usimpambe mama yangu. Habari ya ile sherehe isimulie yote, na mimi usinifiche." Haya, mwalimu, sikufichi.

Jina la Mama Pini lilitokana na midomo yake. Ulikuwa ukiingia kwake unamkuta anampima mtu nguo, pini nne au tano zimebanwa midomoni, na anaongea vilevile. Anakusalimia, anakuuliza wazee hawajambo, anakukaribisha chai, na hakuna pini hata moja inayoanguka. Mimi nilijaribu jana hapa ofisini. Fundi mitambo wetu aliniomba niache.

Mumewe alikuwa seremala, Mungu amrehemu, alitangulia. Ndiye aliyemtengenezea meza, ndefu kama mlango, ikawekwa katikati ya sebule. Asubuhi meza ilikuwa ya nguo. Mchana ilikuwa ya unga. Mapazia, foronya, sare za shule, keki za harusi, vyote vilipita juu ya meza hiyo moja. Na kitambaa kikibaki hakikutupwa, ng'o. Mwaka mmoja alishona mapazia ya maua, kisha kilichobaki akajishonea gauni. Mumewe akalalamika kwamba mkewe akisimama dirishani anampotea.

Sasa, meza moja kwa kazi mbili, pini na keki, hiyo inataka sheria. Sheria ya Mama Pini ilikuwa hii: pini zake ni arobaini. Kabla unga haujafunguliwa, pini zinahesabiwa kurudi kwenye kopo. Zikiwa thelathini na tisa, hakuna kuoka. Watoto wanapiga magoti, sumaku inafungwa kwenye uzi na kuburutwa sakafuni, mpaka ya arobaini ipatikane. Binti yake anakumbuka alivyowahi kuchelewa mtihani kwa sababu ya pini moja. Alinuna siku nzima.

Lakini palikuwa na mahali pamoja ambapo Mama Pini aliivunja sheria yake mwenyewe. Nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo mambo yote yalipoanzia.

Keki zake zilizungushiwa utepe. Waokaji wengine huubandika utepe kwa sukari iliyolowa kidogo. Yeye alikuwa fundi nguo, na mkono wa fundi nguo unajua njia moja tu ya kuzuia utepe usiteleze. Alizungusha utepe kwenye keki kama anavyozungusha pindo kwenye gauni, akachomeka pini kumi na mbili kati ya zile arobaini, akasubiri sukari ikauke. Kisha alizichomoa moja moja. Halafu alipanga shanga za sukari juu ya utepe, zile ambazo watoto hugombania. Vichwa vya pini vilikuwa vyeupe na vya mviringo. Shanga za sukari nazo zilikuwa nyeupe na za mviringo. Kwa mwenye macho mazima hilo si neno, na kwa miaka thelathini zilizoingia kumi na mbili zilitoka kumi na mbili.

Wasikilizaji wapendwa, macho yake hayakuwa mazima tena, na hakumwambia mtu.

Jicho la kulia lilikuwa na ukungu. La kushoto lilikuwa likiona kama kupitia tundu la ufunguo. Alikuwa na umri wa miaka sitini, na aliogopa. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa jambo lolote. Vipimo vya unga alivijua kwa mkono. Kutunga uzi kwenye sindano alikugeuza mchezo na mjukuu wake, mtoto wa binti yake huyu mwalimu. Mtoto alikuwa mwongeaji, mdomo haumfungi, wakamwita Chiriku. Bibi alikuwa akimwambia, "Tushindane, anayewahi kutunga ndiye mshindi." Chiriku alishinda kila siku, na akadhani yeye ni hodari sana.

Vidole vikawa macho ya Mama Pini. Kwenye kitambaa vilimsaidia. Kwenye keki havikuruhusiwa, kwa sababu sukari ukiigusa inabaki na alama.

Ikafika siku ya Chiriku kutimiza miaka saba. Sherehe ilikuwa ukumbini, shule ya chekechea, watoto thelathini na wazazi wao. Mama Pini alishona gauni, alishona vitambaa vya meza, alikata vibendera vya kupamba ukuta, akaoka keki ya ngazi mbili. Saa saba mchana mkwe wake, baba yake Chiriku, alikuja, akaibeba keki kwa mikono miwili, akaondoka nayo kwa gari. Mama Pini alibaki ili abadili nguo awafuate. Akaona afadhali akusanye pini kwanza.

Thelathini na tisa.

Alihesabu tena kwa vidole. Thelathini na tisa. Akazimwaga kwenye sinia, akahesabu mara ya tatu, akizigusa moja moja. Thelathini na tisa. Alipiga magoti akaburuta sumaku chini ya meza, chini ya cherehani, kwenye zulia. Akaipitisha kwenye aproni aliyokuwa ameivaa. Sumaku ilitoka tupu.

Akapiga simu kwa binti yake. Inaita, haipokelewi. Akapiga tena, na tena. Ukumbini muziki ulikuwa juu, na simu ilikuwa ndani ya mkoba. Akampigia mkwe wake. Simu ya mkwe ikaanza kuita palepale, juu ya meza, karibu na mkasi. Aliisahau alipokuwa anabeba keki.

Aliwahi kumsimulia Chiriku, miaka mingi baadaye, kwamba wakati ule alikuwa akiziona koo thelathini. Haoni meza iliyo mbele yake, lakini koo za watoto thelathini anaziona.

Alitoka na aproni yake, unga mpaka viwikoni, akasimama katikati ya barabara akanyoosha mikono. Hakuiona teksi inakuja. Aliisikia ikifunga breki. Dereva alifika msibani juzi kutoa pole, ndiye aliyeyasema haya. Alimuuliza, "Mama, kuna mgonjwa?"

Akamjibu, "Bado. Kimbiza."

Alipofika, alisikia watoto wanapiga makofi. Nilimuuliza binti yake kama walikuwa wamekwisha kukata keki. Akaitikia kwa kichwa. Walikuwa wamekata vipande vya kwanza tu. Mwenye siku yake ndiye alikuwa amelishwa, kwa mkono wa mama yake. Sahani nyingine zilikuwa zinapita.

Mama Pini aliingia akaenda moja kwa moja kwenye sauti za watoto, akapiga kumbo kiti, akaangusha mtungi wa maji ya matunda. Akasema kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, "Msile. Kuna pini kwenye keki. Sikuiona. Mimi sioni."

Wasikilizaji, mle ukumbini walikuwamo wateja wake wote. Waliomletea nguo za harusi walikuwamo. Miaka miwili aliifunika siri ile, na sasa aliimwaga mbele yao kwa maneno mawili. Muziki ulizimwa. Kina mama wakawavamia watoto wao, vidole midomoni, "tema, tema." Sahani zilianguka. Kila mtoto akawa analia kwa sababu mwenzake analia.

Binti yake aliona haya. Anakiri mwenyewe. Alimshika mkono akamnong'oneza kwamba anawaaibisha, kwamba watazungumza nyumbani. Mama Pini hakumsikiliza. Alikuwa ametega sikio. Akauliza, "Mbona Chiriku haongei?"

Hapo ndipo binti yake alipogeuka kumtazama mwanawe. Chiriku alikuwa kwenye kiti chake cha heshima, na lile gauni jipya. Watoto wote wanalia, yeye halii. Amefumba mdomo. Macho yamemtoka. Anapumulia puani, haraka haraka, na machozi yanamshuka mashavuni bila sauti.

Mama mtu alitaka kumrukia, ampige mgongoni ateme. Mama Pini alimzuia kwa kiwiko. Akapiga magoti mbele ya mjukuu wake, akamshika kidevu, na ile sauti ya ukali ikaisha. Alizungumza kama mtu anayempima mteja pindo. "Usimeze mate. Usinijibu. Ulimi ulale chini, palepale ulipo. Bibi hukaa nazo mdomoni kila siku, haziniumi. Sasa fungua polepole, kama mlango wa chumba cha mtoto aliyelala."

Chiriku akafungua.

Fikirini, wasikilizaji. Bibi haoni. Watu mia wamesimama, hakuna anayekohoa. Kidole chake kiliingia kikapita ndani ya shavu. Kikagusa kitu cha mviringo kilichojibana kwenye fizi ya juu. Pini ilikuwa imelala mshazari, ncha yake imeingia ubavuni mwa ulimi. Ukiivuta ovyo, inachana. Mtoto akishtuka, inakwenda kooni. Mama Pini aliifuata kwa ncha ya kidole kutoka kichwani mpaka ilipozama, akajua imeelekea wapi, akairudisha kwa njia ileile iliyoingilia. Ikatoka. Ikatoka na tone moja la damu.

Wakaenda hospitali. Mtoto alipigwa picha, hakumeza kitu. Ulimi ulipona kabla ya wiki kwisha, na maneno yakarudi yote na riba yake. Mama Pini alipelekwa kwa daktari wa macho. Ilikuwa presha ya macho. Daktari akasema kilichokwisha kupotea hakirudi, na kwamba angefika miaka miwili mapema wangeokoa sehemu kubwa. Wateja wa keki walipotea mwezi uleule. Siwalaumu, na yeye hakuwalaumu.

Lakini binti yake hakunijia kwa ajili ya hayo. Alinijia kwa ajili ya jioni ya siku ile, waliporudi nyumbani. Aliwakalisha wote wawili, bibi na mjukuu, akawauliza kwa nini walinyamaza.

Mama yake akamkumbusha. Miaka miwili nyuma alikuwa ameunguza pazia kwa pasi, kwa kutoona vizuri. Binti yake alimfokea: siku nikigundua huoni, meza hiyo naitoa nje siku hiyohiyo. Alisema kwa hasira, akasahau. Mama yake hakusahau.

Kisha Chiriku akasema la kwake. Alihisi imemchoma tangu alipotafuna mara ya kwanza. Hakutema kwa sababu asubuhi mama yake alimwonya kwamba akitema chakula mbele za wageni, atamjua yeye ni nani.

Binti yake aliniambia hivi, nami nilimwomba ruhusa niyarudie: "Dada, siku ile watu wawili wa damu yangu walifumba midomo. Mmoja alikuwa na upofu, mwingine alikuwa na pini. Na wote wawili walikuwa wananiogopa mimi."

Nilimpa maji.

Mama Pini aliishi miaka kumi na tisa baada ya hapo. Meza haikutolewa nje. Aliendelea kushona foronya na vitambaa vya jikoni, mishono iliyonyooka, kwa kupapasa. Alichagua rangi ya kuta kwa kumuuliza Chiriku, na Chiriku alimdanganya mara moja, sebule ikawa ya waridi. Alicheka mpaka akakaa chini. Miaka kumi ya mwisho hakuona hata mwanga.

Wiki iliyopita alizidiwa. Binti yake alikuwa kando ya kitanda, anamshika mkono. Anasema mama yake maisha yote ukimuuliza hali, jibu lilikuwa moja, sijambo, usijisumbue. Usiku ule alimuuliza, "Mama, unaogopa?"

Akamjibu, "Ndiyo. Sana. Usiende mbali."

Hakwenda. Alipanda kitandani akalala naye mpaka kulipokucha, na kulipokucha Mama Pini alikuwa amekwenda.

Kwa niaba ya wenzangu wote hapa redioni, natoa pole kwako mwalimu, kwa mkwe, kwa Chiriku, na kwa majirani ambao mapazia ya Mama Pini bado yamening'inia madirishani mwao. Mungu ampumzishe.

Na ninyi mnaonisikiliza, mimi nikiwamo, maana nyumbani kwangu naambiwa nina sauti kali. Leo mchague mtu mmoja chini ya paa lenu, yule anayesema hajambo kila mkimuuliza. Muulizeni anaogopa nini. Akijibu kwamba anakuogopa wewe, usijitetee. Kaa hapohapo, umwache amalize.