Umemwacha na Nani?

Marehemu mwalimu wetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Chelewa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika chumba kilichokuwa juu ya karakana ya kupiga chapa alikofanya kazi baba yake. Alikuwa mtoto wa pekee. Mama yake, mshonaji, alimlea kati ya cherehani juu na mitambo chini. Ndiyo maana hadi uzeeni alizungumza kama anayemwita mtu ng'ambo ya barabara.

Alianza shule mwaka 1958. Akiwa darasa la nne, mama yake alipatwa na kiharusi. Baba alitoka alfajiri kwenda kazini, hivyo binti ndiye aliyemwogesha mama, akamlisha uji na kumbadilishia shuka. Akifika darasani, wenzake walikuwa wameshaanza hesabu. Jina la Bi Chelewa alilipata hapo, kwa kejeli. Hakuna aliyemuuliza sababu. Alifaulu hata hivyo, akahitimu chuo cha ualimu mwaka 1972.

Alifunga ndoa na fundi majokofu tarehe 18 Desemba 1976. Wageni walisubiri mpaka bwana harusi akatoka kumtafuta. Alimkuta ndani ya gauni lake jeupe, akimgeuza mama ubavu. Fundi akakunja mikono ya koti, akashika miguuni. Wageni waliponuna, aliwajibu, "Mimi nilijua ninamwoa nani."

Alifundisha shule ya msingi iliyo nyuma ya kituo cha zimamoto hadi alipostaafu mwaka 2011. Asubuhi alisimama langoni, na mchelewaji hakukuta fimbo, alikuta swali: "Umemwacha na nani?" Mvivu alikimbilia darasani. Mwenye mgonjwa nyumbani alibubujikwa na machozi, na hapo kazi ya marehemu ikaanza: siku moja alimwendea kinyozi wa mtaani.

"Kinyozi, asubuhi huna mteja. Nenda ukakae na baba wa mtoto huyu."

"Mwalimu, mimi si daktari!"

"Nani kakuomba udaktari? Mnyoe ndevu, mpigie soga, mtoto asome."

Kinyozi alikwenda, akanogewa, akawavuta na wengine. Ijumaa, baada ya masomo, watoto wenye wagonjwa nyumbani walikutana kwenye stoo ya shule, wakacheza na kulalamika wapendavyo, bila mtu kuwaambia wavumilie.

Mumewe alitangulia mwaka 2015. Mwaka 2023 figo zikaanza kumsumbua. Mjukuu aliyeishi naye, akiwa anajiandaa kwa mtihani, alianza kubaki nyumbani akidai shule imefungwa.

"Shule gani inafungwa Jumatano?"

"Bibi, nikienda nitakuacha na nani?"

Marehemu alicheka hadi akakohoa. Kisha akampigia simu kinyozi. "Zamu yangu imefika. Njoo na soga mpya, zile za zamani nimezichoka."

Alifariki Jumanne asubuhi, tarehe 5 Novemba 2024. Kinyozi alikuwa kando ya kitanda. Mjukuu alikuwa kwenye chumba cha mtihani, kalamu mkononi, kama bibi alivyotaka.

Ameacha watoto wawili, muuguzi na dereva wa lori. Mjukuu mmoja, ambaye jana alimaliza karatasi ya mwisho. Na watu wazima wengi waliowahi kulia pale langoni.

Bi Chelewa, swali lako tunalijibu leo kwa sauti kama yako: tunakuacha na Muumba wako. Safari hii hujachelewa. Pumzika kwa amani.