Ng'ombe wa Yotham Wamekula Zabibu za Mtaliano

Wadachi walipopitisha reli yao Dodoma, waliacha mataluma ya chuma, yale ya kulazia reli, yametupwa nyuma ya stesheni. Tukachukua mawili, tukayalaza juu ya mawe, tukapata benchi la kunywea kahawa. Kahawa yenyewe ilikuwa ya Mbwana, mtu wa Bagamoyo, aliyeifuata reli kutoka pwani na dele lake, birika la kahawa, mkononi, akiapa kwamba atarudi kwao reli itakapokwisha kujengwa. Mustapha, Mrangi wa Kondoa, alikuwa akiuza asali. Tulimwita Nyuki, kwa asali na kwa ulimi. Matonya aliwahi kubeba vyuma kwenye ujenzi akaokota maneno machache ya Kidachi, basi akajipa mwenyewe jina la Bwana Reli. Mimi nilikuwa mshona viatu. Hakuna aliyetuomba ushauri, lakini hatukuwahi kumnyima mtu.

Asubuhi moja, zabibu zikiwa karibu kuchumwa, akaja Yotham, mchunga ng'ombe wa Zuzu. Hakusalimu. Alikaa mwisho wa benchi akaitazama njia ya boma.

— Kulikoni, Yotham? Mbwana alimuuliza, akimmiminia.

— Ng'ombe wangu jana jioni wamevunja ua wa Bwana Silvano. Wamekula mizabibu.

Dele lilisimama hewani.

Bwana Silvano alikuwa Mtaliano, fundi wa mawe aliyekuja kujenga madaraja ya reli. Wenzake walipoendelea mbele kuelekea Tabora, yeye alibaki Zuzu na fungu la vijiti vikavu alivyovitoa kwao. Alivipanda kwa mistari kando ya korongo la mchanga, akavimwagilia, akavisemesha. Tulimcheka. Vijiti vikatoa majani, tukasema ni bahati. Vikatoa zabibu, tukaacha kucheka, tukaanza kueleza kwa nini.

— Wamekula yote? aliuliza Matonya.

— Mistari ya upande wa korongo. Amesema leo anakwenda bomani kunishtaki. Nikaona nije mwenyewe, nisije nikafungwa kamba mbele ya mama yangu.

Sote tulijua kilichokuwa bomani kwa Bwana Shauri, Mdachi mkata kesi. Marko wa sokoni alikuwa amepigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, mwezi uliopita, na alikuwa bado anakula chakula chake amesimama.

— Usiogope, alisema Matonya. Mbele ya Bwana Shauri kata maneno. Sema: hao ng'ombe si wangu.

— Zuzu nzima inawajua.

— Basi waulizwe ng'ombe! Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo. Wewe ulikuwepo?

— Nilikuwepo, nikiwafukuza.

— Hapo ndipo ulipokosea.

Mustapha alitikisa kichwa kwa huruma.

— Usimsikilize huyu. Sema walifukuzwa na nyuki. Mdachi anaogopa nyuki kuliko anavyoogopa mkuki. Mimi nitakuja kuwa shahidi.

— Utasema uliwaona hao nyuki?

— Nitasema nawajua kwa majina.

— Nyie mnacheza, alisema Mbwana. Jambo la kwanza ni kujua vile vijiti ni vya nini. Huwezi kumtetea mtu kwa kosa usilolijua. Bagamoyo mapadri wanakunywa divai kanisani, kidogo tu, kwa kikombe kimoja. Sasa shamba lote lile la kikombe kimoja? Hapana. Ile ni dawa. Wadachi wanakufa kwa homa. Mtaliano anawapikia dawa.

— Dawa gani! alisema Matonya. Mimi nimefanya kazi na Wataliano. Mtaliano hapandi kitu bila sababu ya mwanamke. Pale pamezikwa mke wake.

— Alikuja na mke?

— Alikuja na sanduku refu.

— La misumeno!

— Ndivyo alivyosema yeye.

Mustapha alisogea mbele. Alipokuwa na jambo kubwa alikuwa akiinua kikombe kwanza, ili tumsubiri.

— Ninyi mmewahi kumwona jioni? Anapiga magoti, anashika mti, anasema nao kwa lugha yake. Kisha ananyamaza, anasikiliza. Mtu anamsikiliza nani ndani ya mti? Mizizi ile inakwenda chini kwa chini mpaka kwao. Ni simu ile! Wadachi wametundika simu yao juu ya nguzo, Mtaliano ameipitisha ardhini. Ng'ombe wa Yotham wamekata simu ya mfalme wa Italia.

Yotham alimtazama.

— Basi hapo nitanyongwa, alisema taratibu.

— La hasha! Hapo utapewa nishani na Wadachi, maana ndani ya simu ile walikuwa wakisemwa wao!

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Mbwana, akijaza vikombe. Mgeni amekuja, na mwenyeji anakwenda bomani. Wahenga hawakosei.

Tulikuwa tunaanza kugombana nani atasema nini mbele ya Bwana Shauri, na Matonya alikuwa ameshatoa salamu ya Kidachi mara kadhaa kwa majaribio, Bwana Silvano mwenyewe alipotokea. Alikuwa amevaa kofia pana, na mkononi alishika kikapu. Alimwona Yotham. Tulidhani atapita moja kwa moja bomani, lakini alisimama, akakiweka kikapu chini. Ndani kulikuwa na matawi yaliyotafunwa na vichala vichache vilivyochafuka udongo.

— Ushahidi, alisema. Nampelekea Bwana Shauri aone.

— Karibu kahawa, Bwana, alisema Mbwana, ambaye hangeweza kumnyima kahawa hata mnyongaji.

Silvano alisita, akakaa upande wa pili, mbali na Yotham. Alikunywa, akaongea huku akitazama kikapu.

— Kwetu sisi babu na babu walikuwa na mizabibu mlimani. Akaja mdudu. Mdogo, mdogo sana, anakula mizizi. Kijiji kizima kikakauka. Baba akang'oa mwenyewe mizabibu yake, akaichoma moto, kisha hakusema tena. Mimi nikakata vijiti kwa jirani ambaye yake ilikuwa mizima. Nikavifunga kwa gunia la maji. Kwenye meli nilikuwa navinywesha maji yangu ya kunywa. Mnaelewa? Mdudu nimemkimbia. Nimekuja mpaka huku. Sasa ng'ombe!

Mustapha alikitazama kikombe chake. Mimi nilijiona mjinga, maana nilikuwa nimeikubali ile habari ya simu.

Yotham alisema, bila kuinua macho:

— Bwana, nimesikitika. Kwa kweli nimesikitika.

— Sikitiko halioti majani, alisema Silvano. Nataka haki.

Akainama kuchukua kikapu. Hapo ndipo tulipomwona mama mmoja akija kwa kufuata reli, kibuyu kichwani, miguu imejaa vumbi jekundu. Alikuwa Ruthu, mama yake Yotham. Alikuwa ametembea kutoka Zuzu tangu alfajiri.

— Mbukwenyi, alitusalimu kwa Kigogo.

— Mbukwa, mama, tuliitikia. Shikamoo.

Alitua kibuyu, akamtazama mwanawe kwanza, kutoka kichwani mpaka miguuni, kama mtu anayehesabu viungo. Alipoona yu mzima, alimgeukia Silvano. Hakuwa na hasira, na hiyo ilitutisha zaidi.

— Bwana, nimekuja kuuliza. Ulitaka ng'ombe wetu wanywe wapi?

Silvano hakuelewa.

— Wanywe?

— Visima vya mchangani viko ndani ya ua wako. Alivichimba mkwe wangu, nami nimevizibua kila kiangazi tangu nilipoolewa. Mwaka huu umevizungushia ua wa miiba. Ng'ombe wamekaa na kiu, wamesikia harufu ya maji, wamevunja. Majani wamekula wakipita. Ng'ombe hawezi kupita kwenye majani akayaacha.

Tulitazamana. Tangu asubuhi tulikuwa tumemshauri Yotham juu ya nyuki, na simu, na mke aliyezikwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza ng'ombe waliingia kwa nini.

— Mbona hukusema? Matonya alimnong'oneza.

— Mlikuwa mnasema ninyi, alisema Yotham.

Silvano alikuwa ameiva uso.

— Mimi sikuiba ardhi ya mtu, alisema. Niliomba bomani. Bwana Shauri alitazama ramani yake, akasema pale hapana mtu. Ardhi haina mwenyewe. Aliniambia: pale hapana mtu!

Ruthu alifikiri kidogo. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kweli kujua:

— Basi mimi ni nani?

Mustapha alitafuta kitu chini ya benchi. Mbwana, mwenye wahenga wa kila jambo, hakupata hata mhenga mmoja. Silvano alivua kofia, akaishika magotini. Kutoka bomani tulisikia tarumbeta ikiita wenye mashauri. Hakuinuka.

Ilipokoma, alimsogezea Ruthu nafasi kwenye benchi.

— Visima ni vingapi? aliuliza.

— Viwili vyenye maji. Cha tatu ni cha masika tu.

— Kimoja kitoke nje ya ua?

— Kile kikubwa, alisema Ruthu.

— Hicho ndicho cha mizabibu!

— Na ng'ombe ni wengi kuliko mizabibu. Hasa sasa.

Nilimwona Silvano akitaka kukasirika, kisha akashindwa. Kicheko kilimtoka kifupi, kama kikohozi. Wakabishana pale pale, yeye kwa Kiswahili chake cha kambini na Ruthu kwa Kiswahili chake cha misheni. Mwishowe kisima kikubwa kilirudi kwa ng'ombe, Yotham akatakiwa kuleta samadi shambani mpaka mizabibu ipone, na Ruthu akakataa katakata mwanawe kuibeba kwa kichwa, akataka ibebwe na punda. Waliondoka watatu kuifuata reli. Silvano ndiye aliyebeba kibuyu, kwa vile mama alikuwa amechoka, na kikapu cha ushahidi kilikuwa mkononi mwa Yotham.

Jioni ile ile waliuhamisha ua. Mizabibu iliyotafunwa ilichipuka msimu uliofuata, ikakubali samadi, na Silvano akapata divai ya kujaza madumu machache. Matonya aliionja. Alisema ni chungu kama maneno ya Bwana Shauri, akaomba nyingine.

Lakini kijiweni, kesho yake tu ya ua kuhamishwa, kila mmoja alikuwa ameshamwokoa Yotham. Matonya alidai ni ile salamu yake ya Kidachi iliyomlainisha Mzungu. Mbwana akasema ni kahawa. Mustapha aliapa kwamba nyuki wake walionekana Zuzu jioni ile, wakiulinda ua usihamishwe vibaya. Wasafiri walioshuka treni walisikiliza, wakashangaa, wakanunua asali.

Swali la Ruthu hakuna aliyelirudia. Siku moja mgeni wa kutoka Kongwa aliyesikia kisa alituuliza yule mama alijibiwa nini, na Mbwana akamwambia kahawa imekwisha, ingawa sote tulisikia kahawa ikicheza ndani ya dele zito mkononi mwake.