Bwana Rasimu na Neno Wasilolitaka

Mwalimu tunayemzika leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1949, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa tatu wa fundi wa mabehewa na mshonaji. Alijifunza kusoma kwa magazeti ambayo mama yake aliyakata kuwa vipimo vya kukatia nguo. Alisema ndipo alipozoea kuuliza maneno yaliyokuwa kwenye tundu lililoachwa na mkasi yalikwenda wapi.

Alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1972, somo la historia. Tarehe 18 Desemba 1976 alimuoa mwalimu mwenzake wa lugha. Alipokwenda kuposa, mjomba wa binti alimuuliza ana nini.

"Vitabu, mjomba."

"Mwanetu atakula vitabu?"

"Hapana, mjomba. Tutavisoma tukishakula."

Kwa miaka kumi na tisa aliendesha semina za walimu wa uraia katika chumba cha juu cha maktaba ya chuo, chenye meza moja ndefu na dirisha lisilofungika. Hakuwakaririsha ibara. Aliwatandazia maandiko yaliyoitangulia katiba yetu: vijitabu vya vyama, barua za wafanyakazi, kumbukumbu za mikutano, rasimu tatu. Rasimu ya kwanza ilisema viongozi "watawajibika kwa wananchi", ya tatu, "watawahudumia wananchi."

"Nani kalikata neno hili, na aliogopa nini?" aliuliza.

"Si yote mamoja, Bwana Rasimu?" mwalimu mmoja akamtania.

"Mama, aliyeshika funguo za nyumba yako akisema anakuhudumia, lakini ukimuuliza hakujibu, utapata usingizi?"

Walicheka, na jina likamganda.

Tarehe 22 Juni 1998 ofisi ya elimu ilimfukuza kazi kwa barua ya mistari minne, kwa kosa la "uchochezi." Maandiko yake yalisukumwa kwa toroli hadi stoo, yakarundikwa kando ya ndoo za deki. Wenzake waliokunywa chai sebuleni kwake wakawa wanavuka barabara wakimwona. Mwaka uliofuata mkuu wa mitaala alichapisha mwongozo wa semina alioutunga marehemu, kwa jina lake yeye mkuu, mpaka na kosa la chapa la ukurasa wa 41. Hata katika kuiba, alishindwa kusoma anachoiba. Inatia kinyaa kuyaandika haya, lakini ndivyo yalivyokuwa.

Aliugua figo tangu mwaka 2017, akafariki Jumanne, tarehe 4 Februari 2020, saa nne asubuhi, miwani ikiwa usoni.

Juzi ofisi ileile ilimtuma karani na shada la maua kwa mjane, anayeandika wasifu huu.

"Shikamoo, mama. Wakubwa wanaomba muandike alistaafu kwa hiari. Ni kulinda heshima ya familia."

"Marahaba. Heshima ya familia hii haijawahi kuajiri mlinzi. Rudi na maua yao."

Mdogo wa marehemu akasihi: "Shemeji, neno moja tu, yaishe."

"Shemeji, kaka yako alipoteza kazi kwa neno moja."

Mdogo huyo wa marehemu ndiye anayewasomea sasa. Walimu aliowafunza marehemu mliopo hapa, nakala mnazo mikononi, mlinganishe. Imeandikwa "ilimfukuza kazi." Akiliruka, mnajua swali la kumuuliza.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, mtoto wa kiume, wajukuu watano, mdogo wake huyu, na walimu zaidi ya mia nane wanaosoma mpaka kwenye tundu.

Apumzike kwa amani, bila kupunguzwa neno.